Kutu ya Siku Tano

Siku ile mjinga alikuwa Sajini Ulimboka mwenyewe, na tuseme mapema ili msomaji asisumbuke kumtafuta mwingine. Wajinga wengine walikuwapo, hawajawahi kuadimika. Lakini ujinga wenye sahihi na mhuri ulikuwa wake peke yake.

Ilikuwa Alhamisi, masika ya mwaka 1993 yakianza kuchoka. Siku moja kabla, Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, gari lilimgonga Paulo, kibarua wa shamba la mbegu la Kilangali, akiwa juu ya baiskeli yake kwenye barabara ya Mikumi. Likamwacha mtaroni, likaenda zake. Mwanamke aliyekuwa anawahi kupalilia aliona mgongo wa gari ukipotelea kwenye ukungu: pikapu nyeupe, Pijo. Namba hakuisoma, dereva hakumwona. Paulo alikata roho kabla jua halijapanda. Polisi walipofika, baiskeli yake ilikuwa imeshapoteza kengele na tandiko. Watu walimfunika marehemu kwa khanga, wakajishukuru kwa baiskeli.

Pikapu nyeupe za Pijo kutoka Kilosa kupita Mikumi hadi Ruaha zilikuwa mbili tu, ndugu wa tumbo moja. Zote zilikuwa mali ya shirika la umma lililokufa mwaka juzi, zikapigwa mnada pamoja na viti, makabati na saa ya ukutani. Moja aliinunua Melkizedek, mfanyabiashara, aliyenunua pia ghala la shirika hilo pale Mabwerebwere. Ya pili ilikwenda kwa mkulima mmoja wa miwa kule Ruaha, na dereva wake alikuwa Gabrieli.

Kwa hiyo kazi ilikuwa kuchagua moja kati ya mbili. Hata mtu anayerusha sarafu angepatia mara moja kwa mbili. Ulimboka hakurusha sarafu. Alitumia akili.

Alhamisi hiyo Melkizedek alimpokea mlangoni mwa ghala kwa soda ya baridi na tabasamu la moto.

"Gari hilo hapo, Sajini. Halijatoka tangu mwanzoni mwa Machi, maji yalipoikata barabara. Mimi masika gari nalilaza. Sina gari la kuzamisha."

Turubai lililolifunika lilikuwa na vumbi la kuandikia jina. Matairi yalikuwa yameishiwa upepo. Taa zote mbili zilikuwa nzima.

"Chungulia na breki," Melkizedek akaongeza. "Wewe ni mtu uliyesoma."

Ulimboka akachuchumaa, akachungulia. Diski za mbele zilikuwa nyekundu kama udongo wa kichuguu. Pale Moshi, kwenye mafunzo ya polisi, mkufunzi mmoja aliwahi kuwaambia kwamba diski ya gari linalotembea hung'aa kama sufuria ya harusi, na ya gari lililolala hushika kutu. Wanafunzi arobaini walisinzia. Ulimboka alikuwa macho. Sasa akajisikia kweli mtu aliyesoma.

Palikuwa na mbuzi. Mbuzi wa mlinzi, jike jeupe lenye sikio moja lililochanika, alikuwa amechomeka ulimi kwenye gurudumu la mbele, kushoto, analamba kwa mapenzi.

"We fundi," Ulimboka akamwambia, "umeajiriwa lini?" Akampiga kofi la mgongo. Mbuzi akasogea hatua mbili, akarudi.

Melkizedek alicheka sana. Alicheka kuliko thamani ya mzaha wenyewe, lakini mcheshi gani amewahi kulalamika kwamba amechekewa kupita kiasi?

Ulimboka akafunua kona ya turubai, akatandika karatasi juu ya boneti, akaandika palepale akiwa amesimama, chupa ya soda kando ya karatasi na kalamu mkononi: gari hili limekaguliwa na halijatembea kwa zaidi ya miezi miwili. Dakika tano. Mhuri aliugonga ofisini.

Ijumaa Gabrieli akakamatwa.

*

Jumatatu saa mbili asubuhi, Ulimboka alikuwa Mikumi, kwenye chumba chenye meza moja na viti viwili, akimtazama Gabrieli. Kijana wa miaka thelathini na miwili, mrefu, viganja vimekatwakatwa na majani ya miwa. Siku tatu za rumande zilikuwa zimemzeesha mashavu.

"Taa ya kushoto ilivunjika lini?"

"Jumanne, afande."

"Jumatano."

"Jumanne jioni."

"Ilivunjwa na nini?"

Gabrieli akatazama dirisha. "Jiwe."

"Jiwe lenye damu? Imekutwa kwenye kona ya bampa, imekaukia kwenye skrubu. Gari umelipeleka mtoni ukalisugua mbele, nyuma ukaliacha na tope lake. Gari linalooshwa uso tu, Gabrieli, linakwenda kuposa?"

Gabrieli hakucheka. Aliweka mikono yote miwili juu ya meza kama anayetoa karata za mwisho.

"Ngiri."

"Nini?"

"Nilimgonga ngiri. Barabara kuu, ndani ya mbuga. Alitoka kwenye majani, wala sikumwona. Ile faini ya mnyama, afande, ningeilipa na nini? Nikapakia nikaenda zangu."

"Mzoga uko wapi?"

"Tulimla."

"Wewe na nani?"

Kimya. Ulimboka akakielewa kile kimya mapema kuliko alivyotaka. Nyama ya mnyama wa mbuga ni nyara ya serikali. Atakayesimama mahakamani aseme "ndiyo, Jumanne usiku nilikula ngiri pamoja na mshtakiwa" atamtoa Gabrieli na kuingia yeye. Na pale mtaani kwao Ruaha nusu ya majirani hawali ngiri kwa dini, na nusu nyingine hawajala kwa sheria.

"Nipe jina moja," alisema.

"Nikikupa, utamwacha huyo mtu?"

"Siwezi."

"Basi sina jina."

Ulimboka akafunga daftari. Waongo alikuwa amewakalisha kwenye kiti kile kwa miaka kumi na moja. Mwongo hutafuta mlango. Huyu alikuwa anajijengea ukuta, tofali kwa tofali, tena kwa mikono yake.

"Kesho asubuhi utapelekwa Kilosa kusomewa mashtaka," alisema akisimama. "Ukikumbuka jina, mwambie askari aniite."

"Dada yangu yuko nje," Gabrieli akasema. "Mwambie nimekula."

"Umekula?"

"Mwambie tu."

*

Dada alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta. Jina lake Tumwagile, umri umegusa hamsini, khanga kiunoni na juu ovaroli ya bluu iliyopauka. Kifuani nembo ya shirika ilikuwa imefumuliwa uzi, lakini kitambaa cha chini yake kilibaki na bluu yake ya zamani, kwa hiyo shirika lilisomeka vilevile. Alikuwa fundi breki wa shirika miaka kumi na minne, mpaka siku walipopewa bahasha na kushikwa mkono. Sasa alikuwa anafungua breki za malori mbele ya nyumba yake, hapo Mikumi, kandokando ya lami.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo umekumbuka."

Ulimboka akaona haya. Ijumaa alimpita bila shikamoo, na dada alipomshika mkono kutaka kumwambia jambo, alimjibu mbele ya watu: "Mama, breki ni zako, upelelezi ni wangu, tusinyang'anyane ugali." Watu walicheka. Hata yeye.

"Mdogo wako anasema amekula."

"Hajala." Akamwangalia moja kwa moja. "Nina swali moja tu, Sajini. Ile kutu ya gari la Melkizedek, uliigusa?"

"Niliiona."

"Sikuuliza macho. Nimeuliza kidole."

"Dada, kutu ni kutu. Diski nyekundu pande zote mbili. Hata mbuzi aliridhika nayo." Na kwa kuwa ilikuwa tabia yake, akibanwa anatoa mzaha kama pweza anavyotoa wino, akamsimulia kisa kizima: mbuzi fundi, kofi la mgongo, soda, na jinsi alivyoandika ripoti juu ya boneti akiwa amesimama, dakika tano, kazi kwisha.

Tumwagile hakucheka. Alikuwa ameacha hata kupepesa.

"Alikuwa analamba gurudumu lipi?"

"La mbele. Kushoto."

"Ulipomfukuza?"

"Alirudi."

"La nyuma aliligusa?"

"La nyuma hakuwa na habari nalo."

"Sajini, karakana yetu ilikuwa na vyuma vyenye kutu vya kujaza behewa, na mbuzi wa watumishi walikuwa wanashinda humo. Miaka kumi na minne sijaona mbuzi anayelamba kutu. Mbuzi analamba nini?"

Ulimboka alikuwa amekulia Tukuyu, mwana wa mfugaji, ng'ombe wanne na mbuzi tisa. Swali lile angelijibu akiwa na miaka mitano.

"Chumvi," alisema.

"Haya. Na nani alikwambia uchungulie breki?"

"Mwenyewe. Melkizedek."

"Mimi kazi yangu ni breki," Tumwagile akasema taratibu. "Wenye magari hunikaribisha wakija kulalamika. Sijawahi kumpata aliyenikaribisha nizisifie."

*

Walipanda lori la mahindi hadi Kilosa, saa nne za mashimo na madimbwi. Kwenye njiapanda ya kwenda Kilangali watu walikuwa wameweka matawi pale Paulo alipoangukia, na matawi yalikuwa yameshanyauka. Ulimboka alijaribu mzaha mmoja kuhusu dereva wa lori. Ulianguka barabarani, lori likaupita.

Saa saba na nusu waligonga lango la ghala, Mabwerebwere. Mlinzi akafungua: Mzee Deogratias, mstaafu wa reli, koti la kaki limebaki na kifungo kimoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bosi ametoka, kaenda benki."

"Sikumfuata bosi. Mbuzi wako hajambo?"

Mzee akamtazama kuona kama ni mzaha. Hakuuona. "Mzima."

"Wiki iliyopita je?"

"Alhamisi alinitisha. Alikunywa maji ndoo nzima, akataka nyingine. Nikamwambia mke wangu, huyu tumchinje kabla hajafa."

"Jumatano asubuhi, saa kumi na mbili, ulikuwa wapi?"

"Stesheni. Bosi alinituma saa kumi na moja, nikaulizie mzigo."

"Mzigo ulikuwepo?"

"Treni ya mizigo siku ile haikuwepo."

"Ulijua kwamba haipo?"

"Nimefanya kazi reli miaka ishirini na mitatu. Nilijua."

"Ukaenda."

"Anayekulipa akisema kaulizie, mwanangu, unakwenda kuulizia hata ndege."

"Uliporudi?"

Mzee akasugua kile kifungo kimoja. "Nilirudi saa tatu. Gari lilikuwa mahali pake. Chini ya magurudumu ya mbele sakafu ilikuwa na maji. Bosi akasema paa linavuja."

Wote watatu wakainua macho. Bati lilikuwa zima kutoka ukuta hadi ukuta, jipya, la mwaka huu. Kisha Ulimboka akashusha macho kwenye turubai, kwenye lile vumbi lililomridhisha Alhamisi. Lilikuwa kavu, jepesi kama lililomwagwa kwa kiganja, halina hata alama ya tone moja. Paa lilivuja chini ya gari bila kupitia juu yake.

"Mzee wangu," alisema, na sauti ilimtoka ndogo, "yote haya Alhamisi uliyajua. Ulikuwa umesimama palepale mlangoni. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unazungumza na mbuzi."

Tumwagile alikuwa ameshavua khanga na kuifunga kichwani. "Leta jeki, baba," alimwambia mzee. Kisha kwa Ulimboka: "Sitagusa kitu kabla hujakitazama wewe. Mimi ni dada wa mtuhumiwa, watasema nimekiweka. Andika kila hatua."

Ulimboka akatoa daftari.

"Gurudumu la mbele. Pitisha kidole kwenye diski."

Alipitisha. Kidole kikatoka na unga mwekundu, laini kama binzari.

"Sasa ukucha."

Ukucha ukateleza mpaka mwisho.

"Kutu ya miezi inakula chuma," Tumwagile akasema. "Inachimba vishimo, ukucha unakwama, mpaka upige msasa nusu siku. Hii imekaa juu kama poda ya biharusi. Siku tano, Sajini. Chumvi na maji, asubuhi moja, diski inakuwa hivi. Lamba hicho kidole."

"Dada, mimi ni askari wa serikali."

"Mbuzi alikuwa na cheo gani?"

Akalamba. Mzee Deogratias akageukia ukutani kwa heshima. Ladha ya chuma ilikuja kwanza, halafu nyuma yake, bila kujificha, chumvi. Ulimboka akatema mate, na alipogeuza uso kutema akayaona: hatua sita kutoka kwenye gari, magunia ya chumvi ya mawe ambayo Melkizedek alikuwa anawauzia wafugaji waliohamia mabondeni. Gunia la juu lilikuwa wazi. Alhamisi aliegemea gunia lilelile akinywa soda.

"Taa," Tumwagile akaendelea. "Skrubu za kulia zimekufa kwa kutu, ya kweli hiyo. Za kushoto zina mikwaruzo inayong'aa, taa hiyo imebadilishwa juzijuzi. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Twende ndani. Hendibreki ikoje?"

Ulimboka akafungua mlango. "Imevutwa."

"Karakana yetu yote, kuanzia mzungu wa kwanza mpaka meneja wa mwisho, gari likilazwa masika hendibreki haivutwi. Unatia gia, unaweka magogo nyuma ya magurudumu. Unyevu wa huku mtoni unaingia kwenye dramu za nyuma, yale mabakuli ya chuma ya breki, na shuu zinazozibana kwa ndani zikiwa zimeshikilia zinagandana nazo kama chapati na kikaango kibaya. Ukija kulitoa mwezi wa sita, haliendi, mpaka nyundo. Kila dereva wa Kilosa anajua. Melkizedek mwenyewe alianza maisha kama utingo wa lori la shirika hilihili, anajua kuliko wewe. Anayevuta hendibreki amelaza gari kwa siku moja."

Waliinua nyuma kwa jeki. Wakatoa gurudumu. Tumwagile akalegeza hendibreki, akashika dramu kwa mikono miwili, Ulimboka akajiandaa kutafuta nyundo. Dramu ikatoka kama kofia kichwani.

Ndani palikuwa pakavu. Vumbi jeusi la breki, njia ya shuu inang'aa, hakuna hata chembe ya wekundu.

"Huku chumvi haikufika," Tumwagile akasema. "Hakudhani polisi atafungua dramu."

"Wala hakukosea," Ulimboka akasema.

Ndipo alipoona kwamba mikono ya yule mama imesimama. Alikuwa ameshika kwa ncha ya kidole springi moja ndogo, nyembamba kuliko mwenziwe, iliyokunjwa kwa mkono.

"Hii ni yangu. Mwaka themanini na tisa. Springi hazikuwepo, fedha za kigeni hazikuwepo. Niliikunja kutoka kwenye spoki ya baiskeli. Meneja aliniita mbele ya wafanyakazi wote, wakapiga makofi." Akavuta shuu, ikarudi kwa mlio mkavu. "Bado inafanya kazi. Breki za gari hili zinashika vizuri sana, Sajini. Angetaka kusimama angesimama."

Ulimboka akaandika hata hilo, kisha akalikata, kwa kuwa halikuwa ushahidi. Kisha akaliandika tena.

*

Melkizedek aliingia saa nane na robo, bahasha ya benki kwapani. Alitazama gari lililoinuliwa, dramu sakafuni, unga mwekundu kwenye mdomo wa Sajini. Alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa. Ndiyo maana alinunua wakati wengine wanaachishwa kazi.

"Naona mnanifanyia sevisi," alisema.

"Jumatano saa kumi na mbili asubuhi," Ulimboka akasema, "ulikuwa wapi?"

"Ulishaniuliza Alhamisi. Ukaandika jibu wewe mwenyewe, ukatia sahihi. Nakala ninayo." Akaweka bahasha juu ya gunia la chumvi, akaliona gunia, akaihamisha. "Tuongee kama wanaume, Sajini. Karatasi yako iko kwa mwendesha mashtaka. Ukipeleka nyingine inayoipinga, swali la kwanza halitakuwa nani alimgonga Paulo. Litakuwa: huyu afande, tumwamini lini, Alhamisi au Jumatatu? Na nasikia jina lako limo kwenye orodha ya kwenda Moshi mwezi wa saba, kutafuta nyota ya begani."

Jina la Ulimboka lilikuwemo. La tatu kutoka juu.

"Paulo Mungu amrehemu," Melkizedek akaendelea, na kwa mara ya kwanza macho yake yalitafuta mahali pa kutua. "Hakuna aliyetaka. Ukungu ulikuwa... nasikia palikuwa na ukungu. Lakini wewe angalia mji huu. Shirika limekufa, mkonge umekufa, karakana imekufa. Nani anawapa watu kazi? Mimi. Vibarua arobaini. Huyu mzee hapa, nani anamlisha? Mkinifunga, mmemfufua Paulo? Dereva utapata mwingine kesho. Tajiri wa Kilosa utampata wapi?"

"Ulikuwa unajua kuna ukungu," Ulimboka akasema, akiandika.

"Nimesema nasikia!"

"Na ulimtuma mzee akaulizie treni isiyokuwepo, saa moja kabla."

Melkizedek akamgeukia mlinzi. Mzee Deogratias hakukwepesha macho. "Bosi, mimi nililinda lango," alisema. "Ulimi hukuniajiri kuulinda." Akavua funguo za lango shingoni, akazitundika kwenye msumari, akatoka nje kumfungua mbuzi wake.

Melkizedek akacheka, safari hii kidogo. "Andika basi, Sajini. Andika. Tuone huo mkono wako." Akavuta kiti chake cha kukunja, akakikalia, akakunja na miguu.

Ulimboka akatazama saa. Saa nane na nusu. Ofisi ya mwendesha mashtaka hufungwa saa tisa na nusu, na jalada la Gabrieli lingefungwa nalo. Kesho saa tatu atasomewa. Akishasomewa ataingia mahabusu, na jalada litaanza ule usingizi wake wa kuahirishwa, wiki mbili, wiki mbili, wiki mbili. Yote hayo aliyajua. Aliijua pia njia ya kwenda Moshi, na jinsi ambavyo mtu hupewa nyota kwa kupatia, hata akipatia kwa kukosea, wala hapewi kwa kujikosoa. Karatasi tupu ilikuwa mkononi. Kalamu ilikuwa mkononi. Mkono ndio uliokuwa mahali pengine.

"Dada," alisema, akamsogeza Tumwagile kando kidogo. "Sikatai. Nimeona kila kitu, nitaandika. Ila jambo lenyewe ni zito."

"Andika."

"Nisikilize. Karatasi ya kukana karatasi haiandikwi hivihivi. Neno moja likikaa vibaya, huyu anatoka na wakili na mimi naingia. Niende ofisini kwanza, nitulie, nipange maneno. Kesho alfajiri na mapema..."

"Kesho alfajiri Gabrieli yuko njiani na pingu."

"Nitawahi kabla hajasomewa."

"Barabara ile umeiona leo. Paulo naye alikuwa anawahi."

"Dada, nielewe, mimi siyo adui yako! Nasema tu inataka utulivu. Inataka meza. Mtu akae chini, avute kiti, afikiri..."

Tumwagile alikuwa ameshapangusa mikono kwenye ovaroli, kiganja kimoja, na cha pili, bila haraka. Akamchukua Sajini kiwiko, akamrudisha mpaka kwenye gari, akavuta turubai likaanguka na vumbi lake lote, akapangusa boneti kwa khanga ya kichwani mwake, pale palipobaki duara la chupa ya soda.

"Ile ya kumfunga," alisema, "uliiandika umesimama."